Kimya Nilichopeleka Kashebere

Niliondoka Goma kwa sababu mama mdogo hakuwa akilala. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, na ilikuwa njema. Mabaya yaliyofuata niliyaongeza mwenyewe njiani.

Mama mdogo ni kitinda mimba wa upande wa marehemu mama yangu. Anaishi Kashebere, kule Masisi inakoishia na Walikale inakoanzia, akilima mihogo na mume wake. Majirani wote wanamwita Mama Justin, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Huyo Justin alikwenda Pinga na pikipiki kutafuta maisha, akapiga simu kwa jirani mara chache za mwanzo, kisha akanyamaza. Tangu hapo moyo wa mama yake ulikuwa ukimpiga kama wa mtu aliyekimbizwa. Alikuwa akifumba macho anashtuka, akilala anaamka. Akamtuma mfanyabiashara mmoja wa mawese aniambie, “Neema akuye. Nasikia anajifunza dawa ya roho.”

Ninyi wenzangu wa Jumamosi mnajua ni dawa gani. Kwa wengine mtakaosoma haya, nieleze kidogo. Tuna kikundi cha watu wa kazi mbalimbali kinachokutana kwa daktari mmoja aliyesomea ubongo. Anatufundisha kwamba ndani ya kichwa kuna mlinzi anayepiga kengele kila akihisi hatari, na kwamba kwa watu wa kwetu, waliokimbia mara nyingi, mlinzi huyo amesahau kupumzika. Pumzi ndefu, za polepole, humtuliza. Siku moja alitufunga nyaya vidoleni, akatuonyesha kwenye kioo cha mashine jinsi moyo wangu mwenyewe ulivyopunguza mwendo nilipopumua alivyoniagiza. Niliuona kwa macho yangu. Nilikaribia kulia.

Mimi nafundisha saikolojia katika sekondari, sehemu ya ualimu, na nilikuwa na ulimi kama pilipili. Mume wangu aliwahi kusema kwamba hata kuku wetu hunyamaza nikiingia uani. Kwa hiyo zoezi lililonifaa zaidi lilikuwa la kimya: unaamka, husemi neno hadi saa sita mchana, na kila linalotokea unalitazama tu bila kulirukia. Lilinibadilisha kweli. Nyumbani ugomvi ulipungua, wanafunzi wakaacha kuniogopa. Nami nikaanza kujiona mtu wa namna nyingine, mwenye kutazama wenzake kutoka juu ya kilima, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia.

Daktari alituonya kwamba zoezi la kimya lifanywe nyumbani, mahali unapojulikana. Nilimsikia vizuri. Nikajiambia kwamba maneno hayo yaliwahusu wanaoanza.

Mchana, barabara ya Sake. Nilipanda gari la mizigo lililokuwa likifuata viazi, nikakaa mbele na dereva. Baada ya Sake njia inaanza kupanda, na kufikia Mushaki unajikuta katikati ya vilima vya majani mafupi, ng’ombe wametapakaa hadi juu kabisa, na baridi inayokufanya utafute shali. Tulisimama kununua mashanza, yale maziwa yaliyoganda. Mama aliyeyauza alinimiminia kikombe, akaniuliza safari yangu.

“Ninaenda Kashebere,” nikasema. “Ninampelekea mama yangu mdogo amani ya roho.”

Alitazama mkoba wangu. “Na iko mu hiyo sakoshi?”

Dereva alicheka hadi akamwaga maziwa. Nilitabasamu kwa upole, ule upole wa mtu anayejua zaidi. Nikikumbuka tabasamu lile sasa, nasikia uso ukiwaka.

Jioni, Masisi. Nilipata chumba kwenye nyumba ya wageni ya parokia, kisha nikatafuta motari, mwendesha pikipiki, wa kunifikisha Kashebere asubuhi yake. Niliyempata anaitwa Dido, baba wa watoto watano, mwenye koti la mvua lililoshonwa kwa kamba ya nailoni. Tulipokwisha kupatana nilimwambia sharti langu: kutoka kuamka hadi saa sita sitasema chochote.

“Unagombana na nani, dada?”

“Sijagombana na mtu. Ni mazoezi.”

Alifikiri. “Bibi yangu akinyamaza vile, mimi niko nalala inje. Basi nitasema yangu na yako.”

Nilikuwa nimemwambia mama mdogo, kupitia yule mfanyabiashara, kwamba ningefika Jumamosi. Lakini wiki ile barabara ilikuwa wazi, na barabara ikiwa wazi kwetu mtu hasubiri kesho. Ilikuwa Alhamisi nilipoondoka Masisi, bila kumtaarifu. Kashebere rezo, mtandao wa simu, haipatikani ila ukipanda mlima, na mama mdogo hana simu.

Alfajiri, kuelekea Nyabiondo. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni na mvua ya usiku ilikuwa imeacha tope jekundu hadi kwenye vifundo vya miguu. Watu waliokuwa wakienda mashambani walinisalimu, “Jambo, mama!” nami nikaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Wengine waligeuka kunitazama. Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, aliyekuwa akiangalia vitambulisho aliniuliza ninakwenda kwa nani, Dido akajibu haraka, “Huyu mama iko na koo mubaya.” Nikapita. Nilifurahia jambo lile kuliko inavyofaa kusema. Niliona kwamba dunia inaweza kuendelea bila maneno yangu, na mimi nikabaki ndani ya pumzi yangu, safi, sijaguswa na kitu.

Tope lilinigusa, lakini. Mara mbili tulianguka. Nilipangusa uso kwa leso yangu nyeusi, kisha nikajifunga kichwani kujikinga na manyunyu.

Tulipokaribia Kashebere mnyororo wa pikipiki ulikatika kijitoni, chini kabisa ya mteremko. Nyumba ya mama mdogo ilikuwa inaonekana kule juu, moshi ukitoka kwenye paa la jiko. Dido akapiga magoti kwenye tope na bisibisi yake, akaniashiria nitangulie. Nikapanda peke yangu.

Asubuhi, uani kwa mama mdogo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya mihogo. Aliniona nikitokea kwenye migomba, akasimama na kisu mkononi.

“Neema? Si ulisema siku ya posho?” Posho ndiyo Jumamosi kwa watu wa kule. “Karibu, mutoto wangu. Habari ya Goma?”

Niliweka mkono kifuani. Nikainamisha kichwa. Nikakaa chini kwenye mkeka karibu naye, nikafumba macho nivute pumzi kabla ya kumkumbatia, maana nilitaka aupate utulivu wangu kwanza, aone nilivyobadilika.

Sasa nieleze jambo ambalo halihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote wa kwetu, na ambalo mimi, niliyezaliwa katika mila hiyo, nililijua tangu utotoni. Mtu anayeleta habari ya kifo hasalimii. Anakuja mapema, bila kutazamiwa. Akikaribishwa haitikii. Anakaa chini na kutazama ardhi mpaka mwenye nyumba aulize mwenyewe, kwa jina, kwa sababu haifai kumtupia mtu kifo cha mwanawe kabla hajajiandaa kukipokea. Hivyo ndivyo tulivyoletewa habari ya mama yangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Nilipofumbua macho, kisu kilikuwa kimeanguka. Mama mdogo alikuwa ameshika kifua.

“Ni Justin?” akauliza.

Ndugu zangu, hapa ndipo pa kusema kweli. Nilikuwa na nafasi ya kumjibu. Nilisikia swali, nililielewa, na nilijua dawa yake ilikuwa neno moja. Lakini nilikuwa nimezoea kutolirukia jambo. Nilimtazama. Niliona midomo yake ikitetemeka, nikaona mshipa wa shingo ukipiga, na ndani yangu sauti ya mwanafunzi mwema ikasema: tazama, yule mlinzi wa ubongo ndiye huyo anafanya kazi. Nilivuta pumzi moja. Nikaitoa polepole. Nilikuwa nikimsoma mama yangu mdogo kama ukurasa wa kitabu.

Akapiga yowe.

Sijui kuliandika yowe lile. Alianguka juu ya mihogo, akagaagaa, akaita jina la mwanawe. Kabla sijamfikia, wanawake wa nyumba za jirani walikuwa wameshakimbilia uani, wengine wakiwa na watoto mgongoni, nao wakaanza kulia hapo hapo. Kimya changu kilikatika, nikapaza sauti, “Hapana! Hapana, mama! Sikuleta habari yoyote! Justin hajafa!”

Mama mmoja mnene alinishika bega. “Nyamaza, mutoto. Tunajua. Acha wazee ba familia bakuye kwanza.”

Maana hiyo nayo ni desturi: mjumbe akiona mama ameshtuka kabla wazee hawajafika, humkanushia kwa huruma, ili asimalizike peke yake. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kulia. Niliapa kwa jina la Mungu, wakaniambia nisiape. Nilipiga magoti nikamshika miguu mama mdogo, na hilo likawathibitishia. Walinitazama kwa huruma, mimi mwenye leso nyeusi na tope hadi magotini, na mmoja wao akaniletea maji ya kunawa uso. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Sikujua kwamba mshindo wenyewe ungekuwa kilio cha kijiji kizima.

Dido alifika akisukuma pikipiki, akasikia, akaanza kueleza: huyu dada hasemi asubuhi, ni mazoezi ya Goma. Watu wakamtazama kama mlevi. Nani hunyamaza kwa mazoezi?

Mume wa mama mdogo, Papa Justin, aliitwa kutoka shambani. Ni mtu mfupi, wa maneno machache, mwenye mikono mipana. Alisikiliza kila mtu, kisha akanichukua kando, nyuma ya jiko.

“Neema, uniambie wewe na mimi tu. Mutoto yangu alikufa?”

“Hapana, baba. Sijui habari yake. Nilikuwa nimenyamaza tu.”

“Juu ya nini ulinyamaza?”

Nikamweleza. Pumzi, ubongo, saa sita. Nilisikia maneno yangu yakitoka moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa la kipuuzi kuliko lililotangulia. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti.

“Basi hujui kama iko muzima.”

“Sijui.”

“Ulimuitia kifo mu nyumba yangu na hujui. Enda umulete. Nikimuambia mama yake ni uongo, hataniamini. Ataamini macho yake tu.”

Mchana, njia ya Pinga. Dido hakutaka kwenda, akasema mnyororo ni mbovu na njia ni mbaya zaidi. Kisha akatazama uani kule, wanawake wakiwa wamemzunguka mama mdogo, akawasha pikipiki. Njia ile inapita msituni, madaraja ya magogo, vilima vinavyomlazimu abiria ashuke asukume. Nilisukuma. Nilizungumza njia nzima, sina haya, nikimwuliza kila tuliyekutana naye: mnamjua Justin wa Kashebere, mrefu, ana kovu kwenye kidevu? Wengi hawakumjua. Mwanamke mmoja aliyebeba ndizi alisema kuna Justin aliyezikwa juzi juzi. Nilikaa chini kando ya njia, Dido akaenda kumwuliza zaidi, akarudi akasema huyo alikuwa mzee wa Buleusa. Sikumshukuru Mungu. Niliogopa kumwomba na hata kumshukuru, nilivyojiona siku ile.

Nilifika Pinga nikiwa najua jambo moja: kama Justin amekufa, basi mimi sikudanganya, na hata hilo lilinijia kichwani kama nafuu. Ndiyo, nilifikiri hivyo. Kwa kitambo kidogo tu, lakini nilifikiri.

Jioni, Pinga. Tulimkuta karibu na soko, amekaa kwenye tairi, akiziba pancha ya pikipiki ya mtu. Amekonda, lakini mzima. Nilimrukia nikamshika mashavu hadi akaogopa.

“Dada Neema? Kuna nini? Ni mama?”

“Mama yako yu hai. Ni wewe umekufa,” nikasema. “Wanakulilia tangu asubuhi. Na aliyekuua ni mimi.”

Alicheka. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka. Nilipomaliza kumsimulia, aliweka gundi chini, akasema kwa nini hakuwa akipiga simu. Ile pikipiki, ambayo baba yake aliuza kipande cha shamba la kilimani ili ainunue, ilichukuliwa njiani na watu wenye silaha. Tangu siku hiyo alikuwa anaziba pancha za pikipiki za wengine.

“Ningefika kwa papa na miguu yangu miwili? Niseme nini?”

“Sema chochote,” nikamwambia. “Kwa ajili ya Mungu, Justin, sema chochote.”

Kesho yake, Kashebere tena. Tulirudi watatu juu ya pikipiki moja, na kila kilima tulishuka. Papa Justin alituona kutoka mbali, akaja kutulaki kwenye migomba. Alimshika mwanawe mkono, hakumwuliza habari ya pikipiki, wala siku ile wala baadaye nikiwapo. Alisema tu, “Ngojea hapa. Muntu mwenye wamelilia haingiake mu nyumba bila mama yake kumulisha inje.”

Mama mdogo akatoka na sahani ya bugali na sombe, majani ya mihogo. Alikuwa amejinyoa kichwa. Usiku ule alikuwa amechukua wembe mwenyewe, kabla ya wakati ambao desturi humnyoa mfiwa, na mume wake hakuweza kumzuia. Kichwa kilikuwa na mikwaruzo midogo ya damu iliyokauka, na bila nywele alionekana mdogo, kama msichana mgonjwa. Justin aliona kichwa kile akaanza kulia kwa sauti. Mama yake hakulia. Alimega tonge, akalichovya, akamtia mdomoni, kisha jingine, na jingine, akimtazama kila alipomeza. Wanawake waliokuwa wamelia jana walipiga vigelegele. Mimi nilisimama nyuma ya jiko.

Nilikaa siku chache. Ningependa kuwaambia kwamba mwanawe aliporudi usingizi nao ulirudi. Haukurudi. Mama mdogo sasa huamka usiku akaenda kumshika Justin mguu, kuhakikisha una joto, na mara moja alimshika hivyo mchana, Justin amejipumzisha tu kivulini, akaita jina lake kwa hofu hadi mwanawe alipofumbua macho. Justin ameahidi kwamba hataondoka kabla nywele za mama yake hazijaota. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyepiga mtungi teke.

Sikumfundisha zoezi la pumzi. Siku moja alinikumbusha mwenyewe, tukimenya mihogo. “Na ile dawa?”

“Naona haya, mama.”

“Ona haya, lakini unifundishe. Mimi niko nataka kulala.”

Basi nikamfundisha, macho wazi, tukizungumza, mkono wake tumboni na wangu juu yake. Alijaribu kidogo, akasema inasaidia kidogo. Ndivyo ilivyo, na sitaongeza.

Njiani kurudi Goma nilizungumza na kila aliyenisalimu. Niliyojifunza ni machache. Pumzi ni kweli, mashine ya daktari haikudanganya, na mimi sijaacha mazoezi. Lakini nilidhani kujitambua ni kujitazama mimi hadi nitulie, na mtu aliyekuwa mbele yangu akiteketea nikamtazama kama sehemu ya zoezi. Nilikwenda kumtuliza mlinzi wa mama mdogo nikampigia kengele mwenyewe, kwa sababu nilipenda namna nilivyopendeza nikiwa nimenyamaza. Ulimi wangu wa pilipili haukuwahi kumnyoa mtu kichwa.

Asubuhi ya kuondoka, Dido akiwa anafunga mizigo, nilimwambia mama mdogo kwamba wenzangu wa kikundi watataka kujua safari ilikwendaje, na kwamba nitawasimulia yote, ila nitamwita “mama mmoja wa Masisi” ili nimfichie jina.

Aliweka chini kikapu cha ndizi alichokuwa akinifungia.

“Unifiche juu ya nini?” akasema. “Mimi nililia mutoto wangu, hiyo haina haya. Sema ni Vumilia wa Kashebere, mama ya Justin. Haya iko yako, Neema. Uibebe wewe, na usiishushe njiani.”